Kuisoma Chapa ya Lucretia: Mwongozo wa Picha za Tindikali za Zama za Baroko

Lucretia ni mwanamke wa kisakale cha Roma ya kale ambaye kifo chake, kwa masimulizi ya Warumi, kiliuangusha ufalme na kuzaa jamhuri mwaka 509 KK. Wasanii wa karne ya 16 na ya 17 walimrudia mara nyingi, wengine kwa rangi, wengine kwa sindano juu ya bamba la shaba nyekundu. Chapa zilizotokana na mabamba hayo zilikuwa nyepesi kusafirisha na nafuu kununua, hivyo zilifika mahali ambapo picha ya rangi isingefika. Anayekutana na mojawapo ana kazi mbili: kutambua ni tukio gani la kisa lililochaguliwa, na kuona jinsi mistari ilivyopangwa ili tukio hilo lisomeke. Kazi hizo haziachani, kwa kuwa mambo mengi ambayo jina la picha halisemi husemwa na giza na mwanga.

Kisa chenyewe

Msimulizi mkuu ni mwanahistoria Titus Livius, aliyeandika katika siku za Kaisari Augusto. Katika kitabu chake cha kwanza jeshi la Roma limeuzingira mji wa Ardea. Wana wa mfalme Tarquinius Superbus wanakunywa divai pamoja na jamaa yao Collatinus, na kila mmoja anamsifu mkewe. Ubishi unapopamba moto wanapanda farasi kwenda kujionea. Wake wa wana wa mfalme wanakutwa karamuni. Lucretia, mke wa Collatinus, anakutwa nyumbani Collatia, usiku umeshaingia, akisokota sufu pamoja na wajakazi wake kwa mwanga wa taa.

Siku chache baadaye Sextus Tarquinius, mwana wa mfalme, anarudi bila Collatinus kujua. Anapokewa kama mgeni wa heshima, anakula, anaonyeshwa chumba. Nyumba inapolala anamwendea Lucretia na upanga mkononi. Tishio la kifo halimtikisi mwanamke huyo. Ndipo Sextus anaposema kwamba atamuua, kisha aulaze kando yake mwili wa mtumwa aliye uchi, ili watu waseme amefumaniwa. Mbele ya fedheha hiyo Lucretia anaishiwa nguvu, na Sextus anambaka.

Baada ya hapo Lucretia anatuma wajumbe kwa baba yake na kwa mumewe, kila mmoja aje na rafiki mmoja mwaminifu. Baba, Spurius Lucretius, anakuja na Publius Valerius. Collatinus anakuja na Lucius Junius Brutus. Lucretia anawaeleza yaliyotokea na kuwataka waahidi kulipiza. Wanamfariji kwamba hatia ni ya aliyetenda. Yeye anachomoa kisu alichokificha ndani ya nguo na kujichoma. Brutus anakitoa kisu jeraha likiwa bado linavuja, anaapa juu yake kuufukuza ukoo wa mfalme, na mwili unapelekwa uwanjani watu wauone. Mfalme anafukuzwa, na Brutus na Collatinus wanakuwa makonsuli wa kwanza.

Masimulizi mengine mawili yalisomwa sana na wasanii na wateja wao. Mshairi Ovidius, katika kitabu cha pili cha Fasti, anakaza huruma: anataja hata jinsi Lucretia alivyojali kuanguka kwa staha. Augustino wa Hippo, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, anauliza swali gumu: ikiwa Lucretia hakuwa na hatia, kwa nini adhabu ya kifo imwangukie yeye? Chapa inayofuata mkondo wa Livius hukazia siasa, inayomfuata Ovidius hukazia uchungu, na ile iliyotengenezwa kwa wasomaji wa Augustino inaweza kuyaacha mashaka hayo yaonekane usoni mwa mwanamke.

Kutambua tukio

Kisa hutoa matukio matano yanayochorwa, na kila moja lina vitu vyake.

La kwanza ni usokotaji wa sufu. Dalili zake ni taa, wajakazi, kikapu cha sufu na wanaume wanaoingia mlangoni. Hakuna damu wala kisu, na ndiyo maana huchanganywa kwa urahisi na picha ya kawaida ya maisha ya nyumbani.

La pili ni shambulio. Hapa kuna kitanda chenye mapazia, mwanamume mwenye upanga au kisu, na mkono wa mwanamke unaomsukuma. Mtu wa tatu akichungulia pembeni, huyo ni mtumwa anayetajwa kwenye tishio la Sextus. Tiziano alimweka mtu wa namna hiyo kwenye ukingo wa picha yake ya rangi iliyopelekwa kwa Mfalme Philip II wa Hispania mwaka 1571, ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam mjini Cambridge. Mwaka huohuo Cornelis Cort alitoa chapa ya mpangilio huo, na kwa njia ya chapa za aina hiyo vizazi vilivyofuata viliijua kazi ya Tiziano bila kuiona.

La tatu ni Lucretia peke yake na kisu. Hili ndilo lililopendwa kuliko yote, ingawa linapingana na Livius, ambaye kwake Lucretia anakufa mbele ya mashahidi wanne. Kielelezo cha awali kilichoenea ni chapa ya Marcantonio Raimondi ya takriban 1511 hadi 1512, iliyotokana na ubunifu wa Rafaeli, ambamo mwanamke amesimama mikono imetanuka, na maandishi ya Kigiriki yanasema kwamba kufa ni bora kuliko kuishi kwa aibu. Wasanii wa Baroko, hasa waliomfuata Guido Reni wa Bologna, walimsogeza karibu: kiwiliwili tu, macho yameinuliwa juu, mwanga unatoka upande mmoja.

La nne ni kifo mbele ya jamaa. Hesabu ya wanaume husaidia: wanne wakiwa wamemzunguka, msanii amemfuata Livius kwa makini. La tano ni kiapo cha Brutus, ambapo kisu kimehama kutoka kwa Lucretia na kushikwa juu na mwanamume. Hapo mada imegeuka kutoka msiba wa nyumbani kuwa mwanzo wa jamhuri.

Katika tukio la tatu ni muhimu kuuliza kama kisu kimeshaingia mwilini. Rembrandt, aliyekuwa bingwa wa sindano na tindikali, alimfanya Lucretia kwa rangi ya mafuta mara mbili, na tofauti ya picha hizo ni darasa zuri. Ile ya 1664, iliyoko Washington, inamwonyesha kabla ya pigo, kisu kikiwa kimeelekezwa kifuani. Ile ya 1666, iliyoko Minneapolis, inamwonyesha baada yake: vazi limelowa damu na mkono mmoja umeshika kamba. Ya kwanza inamwacha mtazamaji kwenye uamuzi, ya pili kwenye matokeo. Mtengeneza chapa naye alilazimika kuchagua.

Kumtofautisha na wanawake wengine

Kisu na kifua kilicho wazi havitoshi kuthibitisha kwamba ni Lucretia. Orodha ifuatayo huzuia makosa ya kawaida:

- Dido, malkia wa Karthago katika kitabu cha nne cha Aeneis ya Vergilius, hujiua kwa upanga wa Aeneas juu ya rundo la kuni. Merikebu zinazoondoka baharini ni dalili kubwa.
- Cleopatra huwa na nyoka, mara nyingi na taji au lulu.
- Sophonisba, binti wa Karthago, hushika kikombe cha sumu aliyoletewa na tarishi wa mfalme Masinissa.
- Portia, mke wa yule Brutus aliyemuua Julius Caesar, hujijeruhi pajani au huwa na makaa ya moto. Brutus huyo aliishi karne nyingi baada ya Brutus wa Lucretia.
- Virginia ni msichana anayeuawa na baba yake hadharani ili asitwaliwe na hakimu Appius Claudius. Kisu kiko mkononi mwa baba.
- Thisbe hujiua kando ya maiti ya Pyramus, chini ya mti wa mforsadi.

Ikibaki picha ya mwanamke mmoja, kisu kimoja, kitanda au pazia, na hakuna nyoka, kikombe wala kuni, uwezekano mkubwa ni Lucretia.

Jinsi bamba linavyotengenezwa

Bamba la shaba nyekundu husuguliwa mpaka ling'ae, kisha hupakwa utando mwembamba wa nta, lami na utomvu. Msanii huchora kwa sindano, akiukwaruza utando tu, si shaba. Bamba huingizwa kwenye tindikali, ambayo huila shaba pale tu ilipoachwa wazi. Baada ya utando kuondolewa, wino husukumwa ndani ya mifereji na uso wa bamba hufutwa. Karatasi iliyoloweshwa huwekwa juu, na vyote hupitishwa kati ya rola mbili nzito. Karatasi huingia kwenye mifereji na kutoka na wino.

Kina cha mfereji huamua weusi wa mstari. Ili kupata mistari myepesi na mizito kwenye bamba moja, msanii huitoa kazi kwenye tindikali mapema, huziba kwa vanishi sehemu zinazotakiwa kubaki hafifu, kisha hulirudisha bamba ili sehemu nyingine ziliwe zaidi. Katika chapa ya Lucretia, pazia la nyuma na kivuli cha kitanda mara nyingi huwa vimeliwa kwa muda mrefu, na ngozi yake kwa muda mfupi sana.

Karne ya 17 ilipanua ufundi huu. Jacques Callot wa Nancy (1592–1635) alitumia utando mgumu uliozuia shaba kuliwa ovyo, pamoja na sindano yenye ncha iliyokatwa mshazari, ambayo ikigeuzwa hutoa mstari unaonenepa na kukonda. Abraham Bosse aliueleza ufundi huo katika kitabu cha mafunzo kilichotoka Paris mwaka 1645. Italia nako, Jusepe de Ribera alijenga ngozi kwa nukta na vistari vifupi, na wachoraji wa Bologna walipendelea mistari michache yenye hewa katikati.

Kusoma mistari

Lenzi inayokuza mara 10 inatosha. Mstari wa tindikali huwa na upana unaokaribia kulingana mwanzo hadi mwisho, ncha butu na kingo zenye mparuzo mdogo. Hupinda kwa uhuru, kwa kuwa sindano haikukutana na ukinzani. Mstari uliochongwa moja kwa moja kwa burini, yaani kijipatasi cha chuma, huanza kwa ncha kali, hunenepa, kisha hukonda tena, na husafiri kwa nidhamu pamoja na wenzake. Mstari wa sindano kavu, uliokwaruzwa kwenye shaba bila tindikali, huacha ukingo wa shaba iliyoinuka unaoshika wino, hivyo huonekana wenye ukungu laini. Chapa nyingi huchanganya njia hizi: tindikali kwa umbo la jumla, burini kwa kukaza vivuli.

Baada ya hapo hutazamwa mwanga. Mwanga katika chapa ni karatasi iliyoachwa bila wino. Kifua cha Lucretia na mng'aro wa kisu hutokana na karatasi ileile, na kinachovitenganisha ni ukingo mweusi uliowekwa kati yao. Msanii stadi huupeleka weupe mkubwa kabisa pale anapotaka jicho litue: ukiwa kwenye kisu, tendo ndilo mada, ukiwa usoni, mada ni uamuzi, ukiwa kwenye mwili mzima, picha inamweka mtazamaji karibu na nafasi ya Sextus mwenyewe. Jambo hili la mwisho lina uzito, kwa kuwa baadhi ya picha za Lucretia zilinunuliwa kwa ajili ya uchi wake, zikiwa zimefunikwa na jina la wema.

Mistari ya nguo nayo huongoza. Mikunjo inayoshuka wima hutuliza tukio. Inayokatizana kwa pembe kali huonyesha vurugu iliyopita. Mahali mistari inapokatana mara tatu au nne ndipo penye giza zito, na katika tukio la shambulio giza hilo huwekwa nyuma ya Sextus ili silaha yake ionekane vizuri.

Kushoto na kulia

Kila chapa ni kinyume cha bamba lake. Msanii aliyeihamisha picha ya rangi kwenye shaba bila kuigeuza alipata Lucretia anayeshika kisu kwa mkono wa kushoto na Brutus anayeapa kwa mkono wa kushoto. Hilo likionekana, dhana ya kwanza iwe kwamba kuna kazi ya awali iliyoelekea upande mwingine, na si kwamba msanii alitaka kusema jambo fulani kuhusu mkono huo. Chapa iliyonakiliwa kutoka chapa nyingine nayo hugeuka tena, kwa hiyo mbili zinazofanana lakini zimeelekeana mara nyingi ni asili na nakala yake.

Maandishi ya chini

Ukingo wa chini huwa na maneno ya Kilatini yaliyofupishwa. Maana zake ni hizi:

- *pinx.* au *pinxit*: aliyechora picha ya rangi.
- *inv.* au *invenit*: aliyebuni mpangilio.
- *del.* au *delineavit*: aliyechora mchoro wa kufuatwa.
- *f.*, *fec.* au *fecit*: aliyetengeneza, mara nyingi kwa tindikali.
- *sc.* au *sculpsit*: aliyelichonga bamba.
- *exc.* au *excudit*: mchapishaji.
- *cum privilegio*: iliyotolewa kwa kibali cha mtawala dhidi ya wanakili.

Jina la Guido Reni likifuatwa na *inv.* linamtaja kama mbunifu tu. Mkono ulioshika sindano huenda ukawa wa mtu mwingine, na jina lake, ikiwa liliwekwa, litafutwe kando ya *fec.* au *sc.* Jina moja likibeba *inv.* na *fec.* kwa pamoja, chapa ni kazi ya asili ya mchoraji mwenyewe. Beti za Kilatini chini ya picha zisipuuzwe: mara nyingi ndizo zinazoamua kama Lucretia anasifiwa, anahurumiwa au anahojiwa.

Karatasi, nakala na hatua za bamba

Kuzunguka picha kunapaswa kuwa na mbonyeo wa ukingo wa bamba. Karatasi ya karne ya 17 ilitengenezwa kwa matambara juu ya chekecheo la nyaya. Ikiinuliwa kwenye mwanga huonyesha mistari myembamba iliyosongamana na mingine iliyoachana kwa sentimita 2 hadi 3 hivi. Huweza pia kuwa na alama ya maji ya mtengenezaji, inayoonekana kama ile ya noti ya benki. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza kutumika kwa vitabu Uingereza mwaka 1757, katika toleo la Vergilius la John Baskerville. Chapa ya Baroko iliyopigwa juu ya karatasi hiyo ni nakala ya baadaye, hata kama bamba ni la asili.

Bamba la tindikali hutoa mamia ya nakala kabla ya kuchakaa. Nakala za mwanzo huwa na weusi uliojaa na mistari inayotengana vizuri kivulini. Za mwisho huwa na kijivu kinachofanana kila mahali, na vistari vyepesi vya ngozi hupotea kwanza. Lucretia ambaye shingo na bega lake vimekuwa weupe mtupu pengine ametoka kwenye bamba lililochoka. Mabadiliko yaliyofanywa makusudi kwenye bamba, kama vile kuongeza kivuli au kubadili jina la mchapishaji, huitwa hatua, nazo huhesabiwa kwa namba. Orodha ya Adam von Bartsch, iliyotoka Vienna katika mabuku 21 kati ya 1803 na 1821, bado ndiyo msingi wa kurejelea, herufi B. ikifuatwa na namba humaanisha orodha hiyo. Mihuri midogo ya wakusanyaji hutafutwa katika kitabu cha Frits Lugt cha 1921.

Nakala za kisasa zilizochapwa kwa mashine hutambulika kwa lenzi: badala ya mistari kuna nukta zilizojipanga sawasawa. Ngumu zaidi ni nakala za karne ya 19 zilizotumia picha kuhamisha mistari kwenye shaba, kama zile za Charles Amand-Durand wa Paris, kwa kuwa nazo zina mbonyeo wa bamba. Hapo karatasi na mihuri ya nyuma ndivyo vinavyoamua.

Utunzaji

Chapa hushikwa kwa mikono safi na mikavu, kwa pembe mbili zinazokabiliana. Mwanga wa maonyesho hauzidi lux 50, na jua la moja kwa moja halifai kabisa. Unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50 unafaa. Ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huota. Fremu iwe na kadibodi isiyo na asidi, na kioo kisiguse karatasi. Gundi ya utepe wa plastiki huacha madoa ya kahawia yasiyotoka kirahisi, kwa hiyo vishikio hutengenezwa kwa karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Kukata kingo ili chapa iingie kwenye fremu huondoa mbonyeo na maandishi, na pamoja navyo sehemu kubwa ya ushahidi.

Kuandika maelezo

Maelezo kamili hufuata mpangilio huu: jina la mtengenezaji na la mbunifu kama wametofautiana, tukio lililochorwa, mwaka au kipindi, mbinu, vipimo vya bamba kwa milimita, kimo kikitangulia upana, hatua, maandishi yote kama yalivyo, aina ya karatasi na alama ya maji, namba ya orodha, mihuri ya wakusanyaji, hali ya sasa. Katika nafasi ya tukio haitoshi kuandika "Lucretia". Iandikwe kama ni Lucretia kabla ya pigo, Lucretia na Sextus, Lucretia mbele ya jamaa, au kiapo cha Brutus, pamoja na mkono ulioshika kisu na upande mwanga unakotoka. Kwa maelezo hayo, mtu wa pili aliye na nakala mbele yake anaweza kuamua kama imetoka kwenye bamba lilelile au ni kazi ya mwingine.